Barua Imeripoti, Mtu Bado Yuko Njiani

Ukitaka kumjua mtumishi mpya pale stendi ya Bariadi, usihangaike na sura, tazama mzigo. Begi la magurudumu ambalo halijawahi kuonja changarawe. Godoro jembamba lililoviringishwa likafungwa kamba ya katani. Ndoo yenye mfuniko, ndani sufuria mbili na pasi. Na bahasha ya kaki ambayo haiingii begini hata mvua ikitishia: imeshikwa mkononi, kana kwamba yenyewe ndiyo msafiri na mwenye nayo anaisindikiza tu. Anauliza gari la Mwanhuzi. Mpiga debe anamjibu kwa kumuuliza: “Mwalimu au nesi?”

Huenda hilo likawa swali la kwanza kuulizwa ana kwa ana kuhusu ajira yake. Aprili 2022, OR-TAMISEMI ilipotangaza nafasi 17,412, yaani 9,800 za walimu na 7,612 za kada za afya, waombaji waliomba kwa mtandao, wakasubiri, kisha wakafungua orodha ndefu kwenye simu na kulitafuta jina lao kwa kidole mpaka wakaliona, na mbele yake halmashauri na kituo. Usaili wa walimu ulikuja miaka iliyofuata. Mwaka 2023 zikatangazwa nafasi nyingine 21,200. Kabla hatujashangaa kampuni za ng'ambo zinazoajiri watu zisiopata kuwaona, tukumbuke kwamba Serikali yetu imefanya hivyo kwa maelfu, tena kwa mkupuo.

Siku hizi ukitaja kazi ya mbali, watu wanaona kompyuta mpakato mezani, visikizi masikioni, mwajiri London na mwajiriwa sebuleni kwake Kinondoni. Tangu korona yameandikwa mengi juu ya namna ya kumpokea mfanyakazi wa aina hiyo: nani ampigie siku ya kwanza, asome nini, afanywe nini asijione katupwa. Ni suala la kweli na nitalifikia, maana limenipata mwenyewe. Lakini huku kwetu, mkoa wa Simiyu, suala hilo ni la siku nyingi kuliko intaneti. Mwalimu wa shule ya msingi ndani ya Meatu, mwajiri wake yuko Mwanhuzi, makao ya wilaya, aliyempangia kituo yuko Dodoma, mshahara unatoka Hazina, na yeye yuko mahali ambapo kati ya hao wote huenda asimwone hata mmoja muhula mzima. Ni mfanyakazi wa mbali kwa kila kipimo. Kasoro ni kwamba hakuna anayemwita hivyo, kwa hiyo hakuna anayempokea hivyo.

Mkoa wenyewe ulianza kama mgeni. Ulianzishwa 2012 kwa kumega Shinyanga, na Busega ikachukuliwa kutoka upande wa Mwanza. Wilaya zikawa tano: Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu. Itilima ikaweka makao yake Lagangabilili, Busega ikaweka Nyashimo, na ofisi zikawa zinajengwa huku watumishi wanaendelea kuripoti. Aliyepaswa kukaribisha naye alikuwa anatafuta chumba cha kupanga. Juu ya hapo watu wameongezeka mno: sensa ya 2012 ilihesabu watu 1,584,157, ya 2022 ikahesabu 2,140,497. Zaidi ya nusu milioni katika miaka kumi. Kila ongezeko la namna hiyo lina maana ya madarasa, zahanati, na vijana wengine wenye bahasha za kaki.

Kwa upande wa karatasi, mapokezi yao hayana neno. Mgeni hupewa kwa kawaida siku 14 za kuripoti. Afisa utumishi anakagua vyeti, anajaza fomu, anamwingiza kwenye mfumo wa mishahara, anafuatilia cheki namba, anashughulikia posho ya kujikimu fungu likiwepo. Kanuni za Kudumu za Utumishi wa Umma za 2009 zimeeleza karibu kila kitu, kuanzia likizo hadi mazishi. Kuna miezi 12 ya majaribio kabla ya kuthibitishwa kazini. Na kuna mafunzo elekezi, ambayo Chuo cha Utumishi wa Umma kimeyafanya kuwa somo kamili: maadili, siri za ofisi, muundo wa Serikali, namna ya kuandika barua, pensheni. Niliwahi kukaa nyuma ya ukumbi mmoja yakitolewa. Mtoa mada alikuwa mzuri, alichekesha, na soda zilikuwa za baridi. Dada aliyekaa mbele yangu, muuguzi, alikuwa ameandika juu ya daftari lake maswali matatu kwa wino mwekundu. La kwanza lilisema: “Maji wanachota wapi?” Siku mbili zikaisha bila mtu kulifikia.

Sisemi mafunzo elekezi hayana kazi. Nasema yanajibu maswali ya mwajiri. Ya mgeni yanabaki daftarini.

Ndiyo sababu nimeacha kupima umbali wa kituo kwa kilomita. Kipimo changu ni muda ambao swali dogo linachukua kupata jibu. Muuguzi wa hospitali ya wilaya akitaka kujua funguo za stoo ya dawa ziko wapi, anainua kichwa tu na kuuliza. Mwenzake aliye peke yake zamu ya usiku kwenye zahanati ya kijiji atapiga simu ambayo haipokelewi, atatuma ujumbe, ataukuta umejibiwa asubuhi wakati hauna tena maana. Na maswali yanayoua moyo wa mgeni ni hayo madogo. Kuzalisha alifundishwa chuoni, alifanyia mazoezi, akafaulu. Kitabu cha MTUHA namba 12 cha wodi ya wazazi alikiona. Lakini hapa zahanati hii, mama akifika saa tisa usiku na rufaa inahitajika, dereva anapigiwa na nani? Mlinzi anayo namba, au anayo mwenyekiti wa kitongoji? Yule mama aliyehudhuria kliniki kijiji kingine, kitabu namba 6 cha wajawazito kimwandike kama mpya au wa marudio? Kosa la safu moja linakwenda wilayani likiwa tarakimu na kufika Dodoma likiwa asilimia, na huko juu hakuna atakayejua kwamba ilikuwa wiki ya pili ya binti aliyekosa wa kumuuliza.

Ongeza lugha. Kijana wa Moshi au Masasi atakuta bibi anayemwamkia “mwangaluka” na kumweleza maumivu yake kwa Kisukuma kuanzia mwanzo hadi mwisho, kwa utulivu, akiamini anasikika. Darasa la kwanza ni hivyo hivyo: watoto wanamtazama mwalimu kwa heshima zote na hawajaelewa neno. Hakuna somo la chuo linalomwandaa mtu kwa hilo, wala halihitaji somo. Linahitaji mtu wa kukaa pembeni wiki mbili za kwanza. Vituo vingi mtu huyo ni mfanya usafi au mlinzi, ambaye hakutajwa popote katika utaratibu wa kupokea watumishi.

Mwanaanthropolojia wa Marekani, Jean Lave, alikwenda Liberia miaka ya 1970 kuwatazama mafundi cherehani wa Kivai na Kigola wakifundisha vijana. Aliona kwamba mwanafunzi haanzi kwa kukata kitambaa. Anaanzia mwisho wa kazi: anashona vifungo, anapiga pasi nguo iliyokamilika, ndipo anarudi nyuma kwenye kushona, na mkasi anaushika mwisho kabisa. Ni busara ya uchumi. Kifungo kikikaa vibaya unakifumua. Mkasi ukikosea umekula kitambaa cha watu. Tena wakati wote huo kijana anatazama. Anajifunza namna fundi anavyompoza mteja aliyechelewesha malipo bila yeyote kusema “sasa tunafundisha”. Kila gereji ya Bariadi inajua jambo hili, muulize spanaboi yeyote.

Umbali unaondoa yote mawili, kifungo na kutazama. Mgeni wa kituo cha mbali anaanzia kwenye mkasi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Walimpa walau siku mbili. Sisi tunampa jembe akiwa bado anakung'uta vumbi la bodaboda, na mpaka wa shamba hajaonyeshwa. Kuna kichekesho kingine ndani yake. Kwa kuwa ni kijana na anajua kompyuta, mwalimu mpya hukabidhiwa uhasibu wa shule kwenye mfumo wa FFARS, halafu kazi za PEPMIS, ule mfumo wa kupima utendaji uliochukua nafasi ya OPRAS, ajaze zake na awasaidie wakubwa zake kujaza za kwao, pale mtandao unapopatikana, pengine juu ya kichuguu nyuma ya choo. Miezi mitatu baadaye yeye ndiye anayewaelekeza wenyeji mfumo wa Serikali, na hakuna aliyewahi kumwelekeza yeye namna ya kuishi na wazazi wa pale msimu wa pamba, watoto wanapopungua darasani.

Historia yetu ina jaribio moja kubwa la kuziba pengo hili, nalo tunalidharau. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilitaka elimu ya msingi iwe ya wote, ule mpango ulioitwa UPE, ifikapo 1977. Walimu hawakuwepo. Yakachukuliwa makumi ya maelfu ya vijana waliomaliza darasa la saba, na badala ya kurundikwa vyuoni wakabaki vijijini. Sehemu ya siku walifundisha, sehemu nyingine walisoma ualimu kwa masomo ya posta na vipindi vya redio. Kozi ilichukua miaka mitatu, na wakamalizia kwa majuma machache chuoni. Leo mtu akikosea hesabu dukani ataulizwa kama alisoma UPE, na jina lenyewe limegeuka tusi. Lawama nyingine ni halali: darasa la saba ni darasa la saba, na mzigo ule ulikuwa mkubwa kuliko mabega. Lakini kwenye mpango ule kulikuwa na kitu ambacho mifumo yetu ya leo haina. Walikuwepo wakufunzi wa kuzunguka, watu ambao kazi yao ilikuwa kwenda kijijini, kukaa nyuma ya darasa, kumwona kijana akifundisha, kuongea naye, kisha kwenda kwa mwingine. Posta na redio vilibeba somo, mkufunzi akamfuata mwanafunzi. Waliobuni mpango ule walijua, bila vitabu vya menejimenti, kwamba maarifa yanaweza kusafiri kwa barua lakini mapokezi hayawezi.

Kivuli cha mkufunzi yule nakiona katika afisa elimu kata mwenye pikipiki. Mradi wa EQUIP-Tanzania, uliofanya kazi Simiyu tangu 2014, uliwapa waratibu elimu kata pikipiki na fedha za kuziendesha. Walioandika taarifa za mradi walizungumzia zaidi ufaulu na usimamizi. Mimi naitazama pikipiki ile kama chombo cha mapokezi: mgeni wa shule ya mwisho wa kata alianza kuona uso wa mkubwa wake kabla ya kuona barua ya onyo. Petroli ikikoma, chombo kinarudi kuwa chuma. MEWAKA, mafunzo endelevu ya walimu kazini yanayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, yana wazo la karibu na hilo, maana yanataka walimu wakae pamoja shuleni na kujadili somo lililowashinda. Shule yenye walimu kumi na wawili inaweza. Yenye watatu, mmoja akiwa semina na mwingine likizo ya uzazi, jumuiya ya kujifunza ni mgeni na ubao wake.

Sasa nirudi kwenye kompyuta mpakato. Miaka kadhaa iliyopita niliajiriwa na shirika moja lenye ofisi Dar es Salaam, nami nikitakiwa kufanyia kazi hapahapa Bariadi. Kompyuta ilikuja kwa basi kama kifurushi. Niliifuata stendi usiku, nikasaini kwenye daftari la mizigo chini ya gunia la dagaa. Nywila ilifika siku ya nne. Niliunganishwa kwenye kundi la WhatsApp la watu 43, na ujumbe wa kwanza niliokuta ulikuwa pole za msiba. Nikaandika pole, bila kujua nampa nani. Ijumaa niliuliza: “Samahani wapendwa, fomu ya masurufu anaisaini nani nikiwa peke yangu huku?” Nikawa naangalia idadi ya waliousoma inavyopanda. Ishirini. Thelathini na moja. Jumamosi mtu akatuma sala ya asubuhi. Jibu lilikuja Jumanne, si kwenye kundi, bali kwa simu, kutoka kwa dereva wa ofisi. “Kaka, ile usiihangaikie. Piga picha, nitumie mimi, nampelekea dada wa fedha akiwa anakunywa chai, anasaini.” Madereva ndio wanaojua masurufu kuliko mtu yeyote.

Dereva yule alinifundisha kazi kwa miaka miwili. Alinijulisha mkurugenzi akiandika “sawa” bila nukta maana yake nini, kikao gani cha Jumatatu ni cha lazima na kipi watu hufungua na kwenda kupika. Barua yangu ya ajira ilikuwa na jina la msimamizi, ambaye alikuwa mtu mwema na niliongea naye mara nne mwaka ule. Jina la dereva halikuwa popote, na lau angekuwa mtu wa kujali mambo yake, nisingemaliza mwezi wa pili.

Hapo ndipo mambo haya mawili, zahanati ya Meatu na kompyuta ya Bariadi, yanapokutana. Kote kuliandaliwa nyaraka, na kote mwenyeji aliachwa apatikane kwa bahati. Kampuni ya programu ya GitLab, isiyo na ofisi kuu na yenye wafanyakazi waliotawanyika duniani, inasifiwa kwa kuandika taratibu zake zote katika kitabu kilicho wazi mtandaoni. Wengi wanaoiga wanaishia hapo kwenye kitabu. Wanasahau kwamba mgeni wa pale hupangiwa pia mfanyakazi mwenzake, asiye bosi wake, wa kumwongoza siku za mwanzo. Ni dereva wangu yule yule, ila amepewa jukumu kwa maandishi. Umuhimu wa kutokuwa bosi ni mkubwa. Swali ambalo mtu anaogopa litamfanya aonekane mjinga hampelekei yule atakayejaza tathmini ya kumthibitisha.

Nyumba nayo isipuuzwe, ingawa wataalamu wa ajira huiweka kando kama suala la majengo. Julai 2017 Taasisi ya Mkapa ilikabidhi nyumba 50 za watumishi wa afya zilizojengwa katika mikoa ya Geita, Kagera na Simiyu. Nyumba jirani na zahanati inafupisha umbali wa swali kuliko mfumo wowote: wawili wanaoishi ukuta kwa ukuta wataulizana kupitia dirishani. Aliyepanga chumba kilomita saba kutoka kituoni anafika kazini na maswali ya jana na kuondoka nayo.

Badala ya haya, chombo tunachokitegemea kumbakiza mgeni ni kanuni: asiombe uhamisho kabla ya miaka mitatu. Naielewa hofu iliyoizaa. Mikoa kama Simiyu imechoka kuwa daraja la watu wanaokwenda Mwanza. Ila kanuni hiyo inamshika mtu miguu tu. Wapo waliobaki miaka mitatu kamili wakiwa wameshaondoka tangu mwezi wa nne. Wanafundisha, wanasaini mahudhurio, na kila Ijumaa mchana wako njiani. Na majaribio ya miezi 12, ambayo kwa nia yake yangekuwa mwaka wa kulea, yamekuwa hesabu ya kalenda. Tarehe ikifika na hakuna kesi, mtu anathibitishwa. Mara ngapi anayesaini amewahi kumwona akifanya kazi?

Mkuu wa kituo mmoja alinipinga kwa ukali juu ya haya, na hoja yake ni nzito. “Mwandishi, mimi nina watumishi wanne. Unataka mmoja awe mwenyeji wa mwingine, wagonjwa nimpe nani?” Sina jibu la kumridhisha kabisa. Naweza kusema kwamba mwenyeji si lazima awe kituo kilekile. Muuguzi wa kijiji jirani mwenye miaka mitano kazini, akipewa jina moja, vocha ya mwezi na ruhusa ya kupigiwa hata usiku, anatosha kufupisha maswali mengi. Mtendaji wa kijiji anaweza kupewa lile la maji na lile la nyumba, na afadhali amtambulishe mgeni kwenye mkutano wa kijiji kabla uvumi haujamtambulisha. Kinachoshindikana ni kumpa kila mtu jukumu hilo kwa pamoja. Kundi lile la watu 43 lilikuwa na nia njema, na nia njema ya watu 43 ilichukua siku nne kujibu swali la fomu.

Gharama? Vocha, petroli kidogo, na siku tano za mwanzo ambazo mgeni anashona vifungo kwanza: anakaa kituo chenye watu, anatazama zamu ya usiku ikiendeshwa, anajaza kitabu huku mwingine akitazama bega lake, ndipo anapelekwa kwake. Ukilinganisha na gharama ya kutangaza nafasi ileile upya, sidhani kama mweka hazina yeyote atakosa usingizi.

Barua ya kumpangia mtu kituo huisha kwa neno “Nakala”, na chini yake safu ya waliopelekewa: afisa elimu au mganga mkuu wa wilaya, mweka hazina, mkuu wa kituo, jalada binafsi. Chini ya hapo karatasi hubaki nyeupe, nafasi ya vidole vitatu hivi. Hapo panaenea jina la mtu mmoja na namba yake ya simu, yule atakayesimama pale gari la Mwanhuzi linapomteremsha mgeni na kumsaidia kushusha godoro.